Maswali na majibu: Kuishi huku unasubiri ini

Shikamoo daktari. Mume wangu yumo kwenye orodha ya kusubiri kupandikizwa ini. Siku hizi analala mchana kutwa, usiku yuko macho. Juzi amenifokea kwamba nimemfichia miwani, kumbe ameivaa. Hakuwa hivi. Nimemkosea nini?

Marahaba, mama. Hujamkosea kitu. Ini lililojaa makovu hushindwa kuisafisha damu inayotoka kwenye utumbo, na amonia pamoja na sumu nyingine hupanda hadi kwenye ubongo. Usingizi hugeuka, hasira huja bila sababu, mwandiko huharibika, mikono ikinyooshwa hupepesuka. Maneno aliyokutolea usiyaweke moyoni.

Mwulize kwanza kuhusu laktulosi, ile dawa ya maji matamu inayotoa sumu hizo kwa njia ya choo. Wengi huiruka kimyakimya, hasa wakiwa na safari, kwa kuogopa gesi na kukimbilia choo. Lengo ni choo laini mara 2 au 3 kwa siku. Akikosa choo, anaongeza kipimo kama alivyoelekezwa. Akiharisha sana anapunguza, kwa sababu kukaukiwa maji nako kunamrudisha kwenye kuchanganyikiwa. Hali ikijirudia, daktari wake anaweza kuongeza dawa nyingine iitwayo rifaksimini. Asiendeshe gari mpaka aruhusiwe, na vidonge vya usingizi asimeze bila idhini ya daktari wake. Ukimwamsha haamki vizuri, au ana homa, anatapika damu, au choo ni cheusi kama lami, mpeleke hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Alama zangu za MELD, zile za kupanga foleni ya ini, ni 14, nami niko nyuma kwenye foleni. Lakini nimechoka hata kuoga ni kazi, na usiku najikuna mpaka damu. Hawanioni?

Alama hizo huanzia 6 hadi 40, na hutokana na vipimo vya damu: bilirubini, kreatinini, muda wa damu kuganda na sodiamu, toleo jipya limeongeza albumini na jinsia. Zilikusudiwa kukadiria nani yuko hatarini kufa ndani ya miezi 3 asipopata ini. Kukosa usingizi, kuwashwa, kazi uliyoiacha, hayo hayamo kabisa. Kwa kugawa maini machache yaliyopo, naona ni kipimo cha haki. Kisicho haki ni kliniki kuishia kwenye namba hiyo na kukuaga.

Kwa hiyo sema wewe. Kuwashwa kwa ini mara nyingi hakuna vipele, na daktari anayekutazama ngozi haoni kitu zaidi ya alama za kucha. Mwambie unaamka mara ngapi usiku, mwoneshe ulipojichubua. Dawa zipo: mara nyingi huanza kolestiramini, ambayo haimezwi pamoja na dawa nyingine (nyingine zitangulie kwa saa 1, au zisubiri saa 4 hadi 6). Ikishindwa, kuna rifampisini, naltreksoni na setralini, zote chini ya uangalizi. Uchovu nao usiuachie ini peke yake. Omba waangalie damu pungufu, tezi ya shingo, na sonona, ambayo wagonjwa wengi wa ini wanaibeba bila kuitaja.

Tangu 1999 kuna dodoso la maswali 29 kwa wagonjwa wa ini, linalouliza wiki 2 zilizopita zilikuwaje: uchovu, tumbo, usingizi, wasiwasi. Uliza kama kliniki yako inalitumia. Kama halipo, andika mwenyewe kwenye karatasi uende nayo.

Baba amekatazwa na jamaa asile nyama wala mayai, eti yanachosha ini. Amekonda mapaja, tumbo tu ndilo limejaa maji. Wako sahihi?

Hapana, na ushauri huo unaumiza watu. Zamani hata hospitali zilikataza protini. Sasa mgonjwa kama yeye anahitaji gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kwa siku kwa kila kilo ya uzito, uzito usiohesabu yale maji. Ini lake halina tena akiba ya sukari ya kumfikisha asubuhi, hivyo akilala njaa mwili unajila misuli. Ale kidogo kidogo mara nyingi, na kabla ya kulala apate kitu cha wanga: mkate na maziwa, kwa mfano. Mizani isiwadanganye, maji yana uzito. Tazameni mikono yake, na kama anainuka kitini bila kushika.

Chumvi ndiyo ya kubana, isizidi gramu 5 kwa siku pamoja na iliyomo kwenye vyakula vya makopo. Lakini akisusa chakula kwa kukosa ladha, rudini kwa mtaalamu wa lishe. Njaa ni mbaya zaidi.

Dawa gani ya maumivu ni salama?

Parasetamoli, kwa kawaida isizidi gramu 2 kwa siku, yaani vidonge 4 vya miligramu 500. Ibuprofeni na diklofenaki ziache: zinaumiza figo na kuleta damu tumboni.

Wametutajia tiba shufaa, ile ya kumpunguzia mgonjwa mateso. Wamemkatia tamaa mama?

La. Anabaki kwenye orodha, na wakati huohuo anapata watu wa kushughulikia maumivu, pumzi, hofu, na hata wewe unayemuuguza. Ningependa kila anayesubiri apelekwe huko mapema.

Siondoki nyumbani, naogopa simu ya hospitali isinikose.

Muulize mratibu wako unatakiwa kufika ndani ya saa ngapi, kisha tembea ndani ya umbali huo, simu ina chaji na mtu wa pili namba yake wanayo. Jambo jingine ambalo wengi hawaambiwi: unaweza kuitwa, ukafunga kula, ukaandaliwa, halafu ini likaonekana halifai ukarudishwa nyumbani. Inauma sana. Lakini nafasi yako kwenye orodha haipotei kwa sababu hiyo.