Vifaranga wa kambale hawaibiwi, wanaliwa na wenzao

Msomaji mmoja wa Sengerema ameniandikia wiki hii: "Dada, vifaranga wangu wa kambale wanapungua kila siku na sioni hata mmoja anayeelea. Kuna mtu ananiibia usiku?" Ujumbe wa namna hii napokea sana, na mara nyingi nyuma yake kuna mlinzi anayekaribia kufukuzwa kazi au shemeji anayesingiziwa. Nimeona nijibu hapa ili wote tusome.

Mdogo wangu, mwache mlinzi. Kesho asubuhi kabla hujalisha, chukua mpira unyonye uchafu wa chini ya tangi, umwage kwenye beseni jeupe, uinamie uangalie. Ukikuta vichwa vidogo vyeusi, sharubu bado zimo, mwili haupo, basi mwizi unamlea mwenyewe. Kambale mchanga humdaka mwenzake mkiani, akammeza taratibu hadi shingoni, kisha kichwa akakitema kwa sababu ni kipana hakipiti. Akishawazidi wenzake mara mbili au tatu, hata kichwa haachi. Anaanzia huko huko kichwani na kummeza mzima. Mzoga utauona wapi?

Kazi hii ya kuzalisha vifaranga wa kambale naifanya hapa Mwanza na ndiyo inayonilisha. Wateja wangu wa kwanza walikuwa wavuvi wa migonzo, yaani kamba ndefu zenye ndoana nyingi, maana kambale mdogo aliye hai ndiye chambo cha sangara, na kumtafuta kwenye majaruba na mabwawa ya kando ya ziwa kila siku kunachosha. Wafugaji wa mabwawa walikuja baadaye, kwa kusikia sifa.

Kutotolesha sitakaa sana. Jike aliye tayari tumbo lake ni laini, ukilibonyeza kidogo mayai yanatoka yenyewe. Unamchoma homoni, Ovaprim nusu mililita kwa kila kilo ya uzito wake, na maji yakiwa nyuzijoto 25 hadi 28 unamkamua baada ya saa kama 10 hadi 12. Dume hakamuliki, anachinjwa ili zitolewe korodani. Unachanganya mbegu na mayai, unatia maji, na hapo uwe mwepesi kwa sababu mbegu zikishaguswa na maji nguvu yake haivuki dakika moja au mbili. Kesho yake au keshokutwa mayai yanaanguliwa, na kwa siku kama tatu mtoto anaishi kwa kiini alichozaliwa nacho. Haya yote yanafundishwa, hata chuo cha uvuvi cha FETA pale Nyegezi wanafundisha ufugaji wa samaki. Jike mmoja wa kilo moja anaweza kukupa mayai zaidi ya 50,000, na watu wakiona tangi limejaa vitoto vinavyochezacheza wanapiga picha na kuanza kuhesabu pesa.

Mimi pesa sihesabu siku hiyo. Kati ya siku kiini kinapokwisha na siku kifaranga anapofika urefu wa kidole ndipo mtu anapojulikana kama anazalisha au anatotolesha tu.

Kuna mteja mmoja sitamtaja. Alichukua mzigo kwangu, tukahesabu pamoja, akaridhika. Njiani akapitia kwa mwingine akaongeza vifaranga wakubwa zaidi, akawamwaga wote kwenye bwawa moja. Miezi ilipopita akavua akapata wachache, wanene kama magogo, na akasimama sokoni mbele ya watu akasema nimempunja. Mbele ya watu ninaosali nao! Nilimfuata nikamweleza kwa upole, hakutaka kusikia. Nimesamehe, lakini sijasahau, na tangu hapo simuuzii mtu kabla hajaniambia bwawani kwake kuna nini.

Ndugu zangu, kambale anakula karibu kila kitu, hata mwenzake. Ukimweka mkubwa na mdogo pamoja umemwandalia mkubwa chakula. Kwa hiyo chambua. Wiki ya pili chambua, ya tatu chambua, endelea hivyo hivyo kila wiki hadi siku ya kuuza. Mimi natumia mabeseni ya plastiki yaliyotobolewa matundu ya saizi mbalimbali: wadogo wanapita, wakubwa wanabaki. Fanya asubuhi wakiwa na njaa, mikono iwe na maji, usiwabane. Yule mmoja mmoja aliyetoka kichwa kizima mbele ya wenzake, tumbo limetuna upande mmoja, mtoe hata kama siku ya kuchambua haijafika. Wakati mwingine utamkuta mkia wa ndugu yake bado unachungulia mdomoni.

Njaa nayo inawafundisha kuumana. Chakula cha kwanza kiwe hai: artemia (vijidudu vya maji ya chumvi) kama mfuko unaruhusu, au vijidudu vya maji unavyovikuza mwenyewe kwenye bwawa lililorutubishwa. Kidogo kidogo, mara nyingi, na usiku usiwasahau, maana kambale ni samaki wa gizani. Ndiyo sababu matangi yangu nayafunika kwa turubai jeusi: kwenye mwanga mkali wanahangaika na kushambuliana. Wasibanane mno. Na pampu ya hewa iwe na betri ya akiba, kwa sababu kambale tunayemsifu kwamba anavuta hewa ya juu hawezi kufanya hivyo wiki zake za mwanzo. Umeme ukikatika saa chache tu, hao utawaona wakielea.

Wengi mnataka faida ya kambale na usingizi wa mfugaji wa kuku wa kienyeji. Haiwezekani. Mnamwachia kijana wa kazi tangi zima, mnapiga simu kutoka mjini kuuliza "wanaendeleaje", mkiambiwa wazima mnashukuru Mungu. Mungu ameshakupa macho na mikono. Nenda ukainame juu ya tangi lako.

Na wewe wa Sengerema, ukishawatenga kwa saizi usiwatupe wakubwa. Waweke tangi lao, uwauze kwanza, kwa mtu ambaye bwawa lake ni tupu.