Kofia ya babu yako

Mwanangu mpenzi,

Sote wazima huku, ila magoti ya bibi yako.

Uliniuliza kwenye simu kama umerithi kwangu hii tabia ya kutoridhika na kazi yako, kuandika tasnifu na kufuta. Ukanieleza habari za wanasaikolojia Hewitt na Flett, kwamba mwaka 1991 walitenga namna tatu za kutaka ukamilifu: kuna anayejidai mwenyewe ukamilifu, kuna anayewadai wenzake, na kuna anayeona watu ndio wanaomdai. Wa kwanza aghalabu ni mtu wa bidii na mpangilio. Wa tatu huandamwa na wasiwasi na huzuni. La kurithi tuliache kwanza. Hilo la kudaiwa ndilo lililoninyima usingizi.

Ile kofia ya babu yako. Nilikuwa na miaka 19, nikamuahidi kumshonea ya Idi. Kila kitundu nakizungushia uzi, kidole kimeota sugu. Mwezi 27 Ramadhani nikaona mstari umepinda, upana wa punje ya mchele. Nikafumua kwa wembe. Nikashona, nikafumua tena, mpaka kitambaa kikaanza kulegea pale pale. Asubuhi ya Idi babu yako akasimama mlangoni na kofia yake kuukuu, ile yenye doa la chai: "Haya, tunachelewa." Mpya hakuiulizia, siku ile wala baadaye. Linaniuma hadi leo, maana nilidhani yeye ndiye anayetaka isiwe na dosari. Hakuwahi kunidai chochote.

Sisemi ulipue kazi. Kazi ya mtu ni uso wake, umelisikia hilo tangu unaandika kwa penseli. Na ni mimi niliyechana ukurasa wako kwa herufi moja iliyotoka nje ya mstari. Ulilia, ukaandika upya, ukapendeza, nikafurahi. Sasa najiuliza, jioni ile ulijifunza bidii au kuuogopa mkono wangu? Lakini hati yako nzuri ilitoka wapi kama si pale? Hapana, ingekuja tu, ulikuwa mtoto msikivu. Hata hivyo, kazi ya mtu ni uso wake.

Kuhusu hiyo sura ya nne unayoiandika mara ya tano, nina neno langu, tena liko kooni. Nalimeza, kwa kuwa hukuniuliza. Ila msimamizi wako amekwishasema inatosha, na msomaji ni yeye.

Kofia imo sandukuni, sindano bado imechomekwa. Ukija Idi nitakutolea uutafute ule mstari. Dada yako ameutafuta, hakuuona.

Mama yako