Ndoa Ikivunjika, Nyumba Inagawanywaje? Niliyopitia Nikiachana na Mzazi Mwenzangu

Ndoa ikifika ukingoni, nguvu zetu nyingi huishia kwenye kutafuta mkosaji. Nani alianza kulala nje, nani alimjibu mama mkwe vibaya, nani aliacha kutoa hela ya matumizi. Hayo yana nafasi yake mahakamani, kwa sababu hakimu lazima aridhike kwamba ndoa imevunjika kweli. Lakini likifika suala la nyumba, swali linabadilika: nyumba hii ilipatikanaje, na kila mmoja wenu aliweka nini? Niliingia kwenye shauri langu nikiwa na jibu la swali hilo, na ndiyo maana leo bado naishi Kivule, Dar es Salaam, kwenye nyumba niliyoisimamia tangu msingi.

Kwa sisi wa Tanzania Bara, mambo haya yanaongozwa na Sheria ya Ndoa ya 1971. Kifungu cha 114 kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali ambayo wanandoa waliichuma kwa nguvu zao za pamoja. Hakimu anatazama mchango wa kila mmoja, uwe wa fedha, mali au kazi. Anatazama pia madeni yaliyokopwa kwa faida ya familia, mahitaji ya watoto wadogo na mila za jamii yenu, halafu anatakiwa aelekee kwenye usawa. Mtaani utasikia "sheria inasema nusu kwa nusu". Haisemi hivyo. Inaelekea huko, lakini ushahidi wa mchango unaweza kuupeleka mzani upande mmoja.

Dada yangu, ukiambiwa "wewe ulikuwa umekaa tu nyumbani", lijue jina la Bi Hawa Mohamed. Mwaka 1983, katika shauri lake dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke, kupika, kufua, kulea na kuitunza familia, ni mchango katika kupatikana kwa mali. Shauri hilo linatajwa mahakamani mpaka leo. Sehemu yake ya pili wengi hawaisimulii: Bi Hawa mwenyewe hakupata mgawo, kwa kuwa mahakama iliona mumewe alikwisha kumpa fedha za mradi naye akazitapanya. Kwa hiyo haki ya kutambuliwa ipo, lakini matumizi yako nayo yatapimwa.

Baba watoto wangu alifanya kazi za zamu bandarini. Hela kubwa ya ujenzi ilikuwa yake, silifichi hilo na wala sikulificha mbele ya hakimu. Mimi nilishinda saiti. Nilipokea tofali, nilihesabu mifuko ya saruji, nilinunua maji ya boza, niliwapikia mafundi, na siku ya kumwaga jamvi nilikuwa pale tangu alfajiri. Yote nilikuwa naandika kwenye daftari la shule: tarehe, kitu kilicholetwa, bei, nani kalipa. Nililiandika ili tusiibiwe na mafundi, wala sikuwa na wazo la talaka. Kuna mwaka fedha zake zilikata tukiwa kwenye lenta, nikakopa kwenye kikoba, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, tukapaua. Kitabu cha kikoba kilionyesha mkopo na marejesho yake wiki kwa wiki. Fundi mkuu alikuja kueleza nani aliyekuwa anamlipa na nani aliyekuwa anamwelekeza. Jirani aliyetuuzia kiwanja naye akaeleza kwamba siku ya mauziano tulikuwa wote wawili.

Ndiyo maana nasema kusanya vitu hivi mapema, ukiwa bado una funguo ya kabati. Karatasi ya mauziano yenye mhuri wa serikali ya mtaa, leseni ya makazi, hati ya umiliki kama ipo, stakabadhi za duka la vifaa, taarifa za miamala ya simu na benki, picha za ujenzi. Nakala ya kila kimoja iwekwe kwa mtu unayemwamini nje ya nyumba hiyo. Na usitegemee risiti za LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, kuonyesha kwamba nyumba ni yako. Tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye umeme, na wengi wanadhani jina lililo kwenye mita ndilo la mwenye nyumba. Mpangaji naye analipa umeme.

Wapo ambao hawawezi kusubiri kukusanya chochote kwa sababu kuna kipigo ndani. Ndugu yangu, toka. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Kutoka hakufuti mchango wako katika nyumba, na karatasi nyingi zinaweza kutafutwa baadaye kwa mwenyekiti wa mtaa, kwa muuzaji wa kiwanja au benki.

Hofu ya pili ni nyumba kuuzwa kimyakimya. Kifungu cha 59 cha sheria hiyohiyo kinamkataza mwanandoa kuuza, kupangisha au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, hata kama imeandikwa jina lake peke yake. Benki nayo inapaswa kuhakikisha ridhaa hiyo ipo kabla ya kuichukua nyumba kama dhamana. Kama nyumba ina hati, mwanandoa anaweza kuweka zuio kwa Msajili wa Hati. Nyumba zetu nyingi za Kivule, Chanika na Mbagala hazina hati, na mauziano yake hupitia serikali ya mtaa. Mimi niliandika barua kwa mwenyekiti, nikaambatanisha nakala ya cheti cha ndoa, nikaomba igongwe mhuri kwamba imepokelewa, nikabaki na nakala yangu. Balozi wa nyumba kumi naye nilimweleza kwa mdomo. Dalali mmoja alileta mteja muda mfupi baadaye, akarudishwa palepale ofisini.

Kuhusu njia ya kupita, hakuna mkato. Kwanza mnakwenda baraza la usuluhishi wa ndoa. Lipo kwenye kata, na BAKWATA (Baraza Kuu la Waislamu Tanzania) na baadhi ya makanisa wana ya kwao. Likishindwa kuwapatanisha linatoa hati, na hati hiyo inatakiwa iwe haijapitisha miezi sita siku unapofungua shauri. Waislamu wenzangu, talaka ya mdomo au ya karatasi haigawi nyumba. Hata eda ikiisha, mahakama ndiyo inayotoa amri ya mali. Unaweza kuanzia Mahakama ya Mwanzo, na shauri linaendeshwa kwa Kiswahili. Hapa Dar tuna pia Kituo Jumuishi cha masuala ya familia pale Temeke, kilichoanza 2021, ambacho kimeweka ngazi kadhaa za mahakama mahali pamoja. Asiye na uwezo wa wakili aulizie msaada wa kisheria, TAWLA (chama cha wanasheria wanawake) na WLAC (kituo cha msaada wa kisheria kwa wanawake) wanasaidia wanawake kwa muda mrefu sasa.

Sasa nyumba yenyewe. Nawaona dada zangu wanapigania nyumba nzima bila kujiuliza wataitunzaje. Itavuja, choo kitajaa, mkopo uliobaki utadai. Kama huwezi kuibeba, kuuza na kugawana si kushindwa. Mtafute mthamini aliyesajiliwa mjue bei, msikubali bei ya dalali. Kwetu kulikuwa na fremu mbili za maduka kwa mbele. Tulikubaliana nibaki na nyumba, yeye achukue kiwanja cha Mkuranga, na tofauti nimlipe kidogokidogo kutokana na kodi ya fremu. Wifi yangu alinisaidia sana kumtuliza kaka yake mpaka tukafika hapo, na namshukuru. Makubaliano tuliyapeleka mbele ya hakimu yakaandikwa kuwa amri ya mahakama. Msiishie kwenye kikao cha ukoo, maana wazee hufa na wengine husahau. Na shauri likiwa linaendelea, kubalianeni kwa maandishi nani anapokea kodi ya wapangaji na inatumikaje, kwa sababu ugomvi mwingi unazaliwa hapo.

Mtaambiwa pia "waandikieni watoto, yaishe". Linasikika vizuri. Lakini mgawanyo wa kisheria ni wenu ninyi wawili, na mtoto wa miaka saba hawezi kusaini wala kukarabati paa, kwa hiyo mtu mzima mmoja atabaki ameishika, na mara nyingi ni yule aliyekuwa na nguvu tangu mwanzo. Mkitaka kuwapa watoto, gawaneni kwanza, kisha kila mmoja atoe chake kwa maandishi yanayoeleweka. Kiwanja kilichoandikwa jina la mama mkwe au shemeji ni kazi nyingine kabisa. Hapo utahitaji mwanasheria mapema, kwa kuwa huyo aliyeandikwa ana haki ya kuja kujitetea.

Ukishapata amri, usiifungie kwenye begi. Haibadilishi jina yenyewe. Chukua nakala iliyothibitishwa na mahakama, nenda nayo ofisi ya ardhi kama kuna hati au leseni, na serikali ya mtaa kama ni karatasi ya mauziano, ili kumbukumbu zibadilishwe. Wapangaji nao waandikie mikataba mipya kwa jina lako, kabla hawajalipa kodi ya miezi sita inayofuata kwa mtu ambaye si mwenye nyumba tena.