«Haki ya kimataifa» au «sheria ya kimataifa»?

Swali: Mwalimu, ninamaliza masomo ya sheria hapa Bukavu, na utafiti wangu juu ya haki za binadamu nimeuandikia muhtasari wa Kiswahili. Kichwa chake nimekiita «Haki ya kimataifa ya haki za binadamu», lakini msimamizi wangu amelipigia mstari mwekundu neno la kwanza. Nimekosea wapi?

Jibu: Ndugu msomaji, mstari huo uko mahali pake. Kifaransa kina neno moja, «droit», kwa mambo mawili ambayo Kiswahili huyatenga: anachostahili mtu, nacho ni haki, na kanuni zinazotungwa ili zifuatwe, nazo ni sheria. Andika basi «Sheria ya kimataifa ya haki za binadamu». (Mjini kwetu wengi husema tu kwamba kijana wao «anasoma droit», na nadhani mkanganyiko huanzia hapo.)

Ukisita, tazama kitenzi. Haki hudaiwa, hulindwa na hukiukwa, na mtu huweza kunyimwa. Sheria hutungwa, hurekebishwa na hufutwa. Kifungu cha 215 cha Katiba yetu ya 2006 kinapoiweka mikataba ya kimataifa iliyofungwa ipasavyo na kuchapishwa juu ya sheria za nchi, kinachopangwa ni ngazi za kanuni, wala hakuna anayedai kitu. Hapo neno «haki» halina nafasi. Usijitetee kwamba «hakimu» na «mahakama» yametokana na «haki», kwa maana hayo, pamoja na «hukumu», yana mzizi mwingine wa Kiarabu, ule wa kuamua.

Mtego ambao msimamizi wako hakuutaja, nami nauona mkubwa zaidi, umo katika jina la Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, uliopitishwa Nairobi mwaka 1981. «Watu» hapo si wingi wa kawaida wa «mtu». Vifungu vya 19 hadi 24 vinazungumzia umma mzima kama mwenye haki: haki ya kujiamulia mambo yake, ya kutumia mali yake ya asili, ya maendeleo, ya amani. Ukiandika «haki za watu» bila maelezo, msomaji atafikiri unarudia «haki za binadamu» kwa maneno mengine. Mimi ningeandika «haki za watu kama umma» mara ya kwanza, kisha nikaendelea na «haki za watu» peke yake.