Krenki ipi ufunge? Maswali ya gereji

Hela za korosho zikishaingia, simu za injini huongezeka. Wiki hii karibu zote ni za krenki, ile shafti nzito inayogeuza kupanda na kushuka kwa pistoni kuwa mzunguko, basi tuzimalize kwa mkupuo.

Shikamoo fundi. Nina Toyota Altezza yenye injini ya 3S-GE, gia za mkono. Imegonga konrodi (mkono unaoshika pistoni na krenki) nikitoka Nangurukuru, shingo moja ya krenki, pale beringi inapokaa, imekwaruzika vibaya. Fundi mmoja anataka nifunge krenki ya 5S ya Harrier ya zamani ili nipate nguvu, mwingine anasema niagize foji, yaani ya chuma kilichofuliwa, nje. Nimsikilize nani? (Shangani, Mtwara)

Marahaba mwanangu. Kwanza niambie konrodi iligonga kwa nini. Mara nyingi ni oili: imepungua, imechoka, au pampu imevuta hewa kwenye kona ndefu. Ukifunga krenki ya bei mbaya bila kutibu hilo, utarudi na mlio uleule.

Sasa hesabu. Krenki ya 3S inampandisha pistoni milimita 86, na silinda yako ina kipenyo cha milimita 86. Ndiyo hiyo cc 1998. Ya 5S inapandisha milimita 91. Kwenye silinda zako unapata cc 2114 hivi, nyongeza ya 116 tu. Kwa nyongeza hiyo pistoni inapanda milimita 2.5 kuliko zamani, hivyo lazima utafute pistoni fupi juu ya pini au konrodi fupi, la sivyo itabusu hedi. Na kabla hujalipa, pima unene wa shingo za konrodi za hiyo krenki. Usinunue kwa jina la injini.

Kuna jambo jingine. Altezza yako inatoa farasi wake 210 ikiwa kwenye mizunguko 7600 kwa dakika. Hapo pistoni inakimbia wastani wa mita 21.8 kwa sekunde. Weka krenki ya 91 uzungushe vilevile, inafika mita 23, na konrodi ndiyo inayovutwa. Krenki ndefu inalipa kwenye gari la kuvuta toka chini. Yako ni injini ya kupiga kelele juu. Ukiinyima mizunguko umeiua tabia.

Mimi ningetafuta krenki nzima ya 3S ya kiwandani. Foji ya kuagiza iache mpaka siku utakapofunga tabo, ile feni ya kusukuma hewa kwenye injini. Hela inayobaki ipeleke kwenye kupima, kubalansi na pampu mpya ya oili.

Fundi lezi amesema krenki yangu itasagwa mpaka 0.50. Si itakuwa dhaifu? (Lindi mjini)

Nusu milimita haiiui krenki. Beringi za saizi ya 0.25 na 0.50 zinatengenezwa kwa kazi hiyohiyo. Kinachoua ni kona.

Tazama pale shingo inapokutana na shavu la krenki, yaani bamba nene linalounganisha shingo na shingo. Kiwanda kimeacha mkunjo mdogo wa mviringo, kama ndani ya bakuli. Msagaji mwenye haraka, au mwenye jiwe lililoisha pembe, anaacha kona kali kama ya sanduku. Nguvu zote zinakusanyika hapo.

Nimeshalipia somo hili. Krenki ya Subaru ilirudi kutoka kwa msagaji inang'aa kama kioo, nikaifunga jioni ileile kwa kuwa mwenye gari alikuwa anasubiri kwenye benchi. Haikumaliza mwezi. Ilikatika tukikaribia Mikindani, shavu likaachana na shingo palepale konani. Nilipoweka kipande kwenye mwanga niliona mistari iliyopinda, mmoja nyuma ya mwingine, kama mgongo wa ganda la chaza, halafu sehemu ya mwisho ina chengachenga. Ile mistari ni ufa uliokuwa ukitembea kidogo kidogo siku zote tulizodhani gari limepona.

Kwa hiyo mwambie akuonyeshe kona kabla hujalipa. Pitisha ncha ya kidole; ukihisi ngazi, irudishe. Matundu ya oili nayo yasiachwe na midomo yenye makali. Muulize pia kama krenki ilikuwa imegumishwa ngozi kwa naitrojeni kiwandani, maana ngozi hiyo ngumu ni nyembamba na jiwe linaweza kuiondoa. Ikiondoka, inabidi irudiwe. Mwisho, nafasi ya oili: shingo ya milimita 50 inataka takriban 0.05. Ipime, usiikadirie kwa kutikisa konrodi.

Toyota Chaser yangu ina injini ya 1JZ. Naweza kufunga krenki ya 2JZ nipate cc 3000? (Masasi)

Usijisumbue. Ya 1JZ inapandisha milimita 71.5, ya 2JZ 86, na bloku ya 2JZ imeizidi yako urefu kwa milimita 14. Wanaotaka hivyo huchukua bloku nzima ya 2JZ na kuipandishia hedi ya 1JZ. Ila puli ya krenki, ile yenye mpira katikati, usiibadilishe kwa ya alumini isiyo na mpira eti nyepesi. Krenki ya silinda sita ni ndefu, inajisokota na kurudi. Bila mpira ule mtetemo unakwenda kuvunja gia za pampu ya oili.

Nitajuaje krenki ya mtumba ni nzima? Kesho nipo Gerezani, Dar es Salaam.

Nenda na kipande cha kamba, nyundo ndogo na maikromita. Futa grisi yote. Muuzaji akikataa, ondoka. Ining'inize uigonge mashavu: nzima inalia kama kengele, yenye ufa inatoa sauti butu. Tahadhari, krenki ya kusubu, ya chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa, hailii sana hata ikiwa nzima. Utaitambua kwa mstari mwembamba ulionyooka ubavuni, alama ya kalibu. Iliyofuliwa ina mstari mpana uliosagwa.

Pima kila shingo mara mbili, kwa kukatiza. Namba zikitofautiana, imekuwa yai. Rangi ya buluu kwenye shingo maana yake iliungua. Halafu kabla ya kufunga ipelekwe ikapimwe nyufa kwa sumaku na unga wa chuma. Sauti inasaidia kukataa, haitoshi kukubali.

Krenki iliyopunguzwa uzito inaongeza nguvu?

Hapana. Inafanya injini ipande mizunguko haraka. Kwenye mashindano ni raha. Kwenye kupanda Newala na abiria wanne utakuwa unazimika kila ukiachia klachi. Mashavu yakikatwa bila hesabu, beringi za katikati ndizo zitakazolipa.

Injini itakaa miezi miwili ikisubiri spea. Krenki niiweke wapi? (Mikindani)

Sio sakafuni, na sio kuilaza juu ya matairi mawili, inaweza kupinda. Isimamishe wima kwa upande wa flaiwili na uifunge ukutani isianguke. Upepo wa bahari hapo kwenu unakula chuma usiku mmoja, kwa hiyo paka oili nzito kila shingo, ziba matundu kwa vitambaa, vika mfuko wa nailoni. Kila Jumamosi fungua uangalie.