Wenzangu wana ushuhuda, mimi sina

SWALI: Bwana asifiwe, Shangazi. Ninauza omena sokoni Kibuye, Kisumu. Nimeokoka, na kesha la Ijumaa silikosi. Nina kisukari. Nimeombewa, nimepakwa mafuta, nikapanda mbegu, yaani nikatoa sadaka ya elfu mbili, lakini nikipimwa sukari bado iko juu. Kila Jumapili wenzangu wanasimama kutoa ushuhuda, mimi napiga makofi tu. Mtumishi anasema imani yangu ni ndogo, na kwamba kumeza dawa ni kumwambia Mungu simwamini. Anataka nipande mbegu nyingine. Kwani Mungu hanijui?
Mama Omena, Kibuye

JIBU: Asifiwe sana, mwanangu. Kabla hatujafika kwa Mungu: dawa umeacha? Hukusema, na hapo ndipo umeninyima raha. Kama umeacha, rudi kliniki wiki hii, useme ukweli, wakupime upya. Usizianze tena kwa kubahatisha. Kisukari kisichotibiwa hula macho, figo na mishipa ya miguu polepole, huku mtu akijiona mzima.

Mbegu ya pili usipande. Huo ni mtaji.

Sasa hiyo imani ndogo. Mimi miujiza naiamini, tusigombane hapo. Paulo aliombea watu wakapona, hata leso zake zikapelekewa wagonjwa. Lakini funua 2 Timotheo 4:20: anasema Trofimo alimwacha Mileto, mgonjwa. Basi, mstari umeisha. Hakumkemea, wala hakumwambia atoe kitu. Timotheo naye, aliyesumbuliwa na tumbo, aliambiwa atumie mvinyo kidogo, yaani atafute dawa. Ningelipa nauli yangu mwenyewe kuja kesha mtumishi wako akihubiri mistari hiyo miwili!

Halafu soma Yohana 6 yote, usiishie kwenye mikate. Wanaume wapatao elfu tano walikula wakashiba. Kesho yake watu wakavuka ziwa kumtafuta Yesu, naye akawaambia wazi kwamba wamefuata chakula. Alipoanza kuwafundisha mambo magumu, wengi wa wanafunzi wake wakarudi nyuma. Akawauliza wale kumi na wawili kama nao wanataka kwenda zao. Petro akajibu, “Bwana, twende kwa nani?” Wewe umepima, umekuta sukari iko juu, na Jumapili umerudi ibadani. Sijui unataka imani kubwa kuliko hiyo uitoe wapi.

Ila nina neno na wewe pia. Barua yako imejaa mtumishi, mafuta na mbegu. Wewe mwenyewe ulizungumza na Mungu lini, bila mtu kukushika kichwa? Asubuhi unapopepeta omena kutoa mchanga, kabla wateja hawajaanza kubishania kipimo cha gorogoro, mwambie mambo yako: yule mwenye hoteli hajalipa deni, miguu inawaka moto usiku, umechoka kupigia wenzako makofi. Na kama umemkasirikia, mwambie hivyo hivyo.

Ukikosa maneno, kuna Zaburi ya 88. Mwenye kuiimba analalamika mwanzo hadi mwisho, hakuna mahali panaposema alijibiwa, na bado anamwita Mungu wa wokovu wake. Isome kwa sauti. Na uisome kwa Kijaluo, kama ndiyo lugha unayotumia kugombana nyumbani.