Ukitaka Watu Walie, Usianze na Maiti

Wiki iliyopita nilipata ujumbe kutoka kwa kijana mmoja wa Morogoro. Aliandika hivi: "Shikamoo dada. Nimemaliza skripti yangu ya kwanza, ni ya huzuni sana. Baba anauza shamba ili amsomeshe mwanawe, halafu mambo yanaharibika, mpaka mwisho wanakufa watu saba. Nimewasomea rafiki zangu wanne, hakuna hata mmoja aliyelia. Nimekosea wapi?"

Nilikaa siku mbili bila kumjibu. Si kwa kiburi. Swali lake lilinigusa mahali panapouma, maana ni swali nililotembea nalo mwenyewe miaka mingi bila kupata wa kumwuliza. Sasa namjibu hapa, kwa sababu najua wapo wengi wanaoandika usiku baada ya kazi, wenye daftari lililojaa vifo na ndoto ya kuona jina lao kwenye skrini.

Mwaka 2011 nilikuwa na miaka ishirini na sita, na prodyuza mmoja alikubali kutengeneza filamu yangu. Ilikuwa na binti yatima, mama wa kambo, mganga, sumu, ajali ya gari, na baba anayejinyonga mwishoni. Nililia nikiiandika, nikaamini na wengine watalia. Siku ya uzinduzi ukumbi ulijaa. Maiti ya kwanza, watu kimya. Ya pili, nikasikia miguno. Baba alipoonekana ananing'inia, damu ikimtoka mdomoni, ile damu tuliyoikoroga wenyewe kwa rangi ya chakula na uji mwepesi, kijana mmoja huko nyuma akapaza sauti: "Bado nani?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Nilikuwa nimekaa mbele na mama yangu. Mama hakucheka. Alinishika mkono pale gizani na hakuuachia mpaka tulipofika kituoni. Prodyuza yeye aliniambia kosa langu ni kutoweka mchungaji wa kuwaombea wote mwishoni, watu watoke wamefurahi. Nusu ya malipo yangu sijaiona mpaka leo. Nimesamehe, lakini sijasahau.

Miaka iliyofuata naipita. Niliuza vitenge, nikafundisha, nikaolewa, sikuandika.

Kilichonirudisha ni kitabu chembamba nilichokinunua kwa muuza vitabu vya mitumba pale Posta, Dar es Salaam: Mfalme Edipode, tamthilia ya Sophocles, Mgiriki wa karne ya tano kabla ya Kristo, iliyotafsiriwa kwa Kiswahili na Samuel Mushi na kuchapwa mwaka 1971. Nilikifungua ndani ya daladala ya Mbagala kwa ajili tu ya kuupitisha muda kwenye foleni. Nikapitiliza kituo changu. Nikapitiliza na kilichofuata.

Ngoja nikueleze kilichonipitisha vituo viwili, kwa sababu somo lote limo humo. Mji wa Thebes una tauni. Mungu Apollo anasema mji hautapona mpaka apatikane aliyemuua mfalme wa zamani, Laius. Edipode, ambaye ndiye mfalme sasa na anawapenda watu wake, anaapa mbele ya wote kwamba atamsaka muuaji huyo, na anamlaani hadharani. Anamlaani yeye mwenyewe, ila hajui. Kisha, katikati ya mchezo, anaingia mjumbe kutoka Korintho. Mzee wa watu, amekuja na habari njema: Polybus, mfalme wa Korintho, amefariki, kwa hiyo Edipode ataitwa kurithi ufalme. Edipode anapumua, maana aliwahi kutabiriwa kwamba atamuua baba yake na kumwoa mama yake, na anadhani Polybus ndiye baba. Bado anamwogopa mama aliyebaki. Na yule mzee, kwa upendo tu, ili amwondolee hofu, anamwambia: usiogope, hao hawakukuzaa. Mimi ndiye niliyekupokea ukiwa mchanga, miguu yako imetobolewa.

Jocasta, mkewe, ambaye kabla yake alikuwa mke wa Laius, amesimama pale pale. Yeye anaelewa kabla ya mumewe. Anamsihi asiulize zaidi, anamsihi tena, kisha anaingia ndani. Na Edipode, masikini, anafikiri mkewe anaona aibu kwamba huenda mume ni mtoto wa watumwa.

Nilishusha kitabu mapajani. Hapakuwa na damu. Hapakuwa na muziki wa kuhuzunisha. Mtu alileta habari njema, na habari njema ile ikavunja nyumba.

Baadaye nilimsoma mwanafalsafa Aristotle, aliyeandika Athens karne iliyofuata, na nikakuta anamtaja mjumbe huyo huyo kama mfano wa kile alichokiita peripetia: jambo linageuka na kuzaa kinyume cha lililokusudiwa. Anasema mgeuko mzuri kuliko yote ni ule unaokuja pamoja na kutambua, pale mtu asiyejua anapojua. Tena anasema tanzia, yaani mchezo wa huzuni, iamshe vitu viwili, huruma na hofu. Huruma tunampa anayepatwa na mabaya asiyostahili. Hofu inakuja tukiona aliyepatwa anafanana na sisi. Kwa hiyo mhusika asiwe malaika, na asiwe mwovu. Awe mtu wa kati, anayeanguka kwa hamatia, neno ambalo asili yake ni kukosa shabaha, kama mtu anayerusha mkuki akalenga vizuri na bado ukapita pembeni.

Niliposoma hayo nikaiona filamu yangu ya 2011 kwa macho mapya. Binti yangu yatima hakuwa amefanya lolote. Kila baya lilitoka nje yake: mganga, mama wa kambo, gari. Watu walimwonea huruma kidogo, lakini nani angemwogopea? Hakuna mtu aliyerudi nyumbani akijiuliza, "Na mimi je?" Hapo ndipo tunapoanguka wengi wetu. Tunadhani tanzia ni kifo, labda kwa sababu neno lenyewe tunalisikia kwenye taarifa za misiba. Kifo ni habari. Tanzia ni mtu mwema kufanya, kwa mikono yake na kwa sababu nzuri, jambo litakalombomoa, kisha akalijua.

Wapo walioniambia haya ni mambo ya Wazungu. Nawaelewa. Mwitaliano Pier Paolo Pasolini alikuja Tanzania na Uganda na kamera yake kutafuta sura za kuigiza hadithi ya Kigiriki ya Orestes, mwana wa mfalme Agamemnon, na kwenye filamu aliyoitoa mwaka 1970 kutokana na safari hiyo amewaweka wanafunzi wa Kiafrika waliokuwa wanasoma Roma wakijadili picha zake. Walimpinga usoni. Hawakukubali Afrika nzima ifanywe kitu kimoja. Mimi niko upande wa wanafunzi wale. Usimvalishe muuza samaki wa Kigoma nguo za Agamemnon. Lakini mfupa wa hadithi si mali ya mtu, na sisi wenyewe tunao. Wengi wetu tulimsoma Kinjeketile wa Ebrahim Hussein shuleni tukakariri dhamira na maudhui kwa ajili ya mtihani. Msome tena sasa ukiwa mtu mzima. Anatoa neno ili kuwaunganisha watu dhidi ya Wajerumani, nia yake ni safi, kisha neno linamzidi nguvu, linawapeleka watu kwenye risasi, na yeye hawezi tena kulirudisha kinywani. Ni tanzia kamili, tena yetu.

Basi nikaanza kuandika tena. Ilinichukua miaka mitatu, na mwezi uliopita mchezo wangu uliigizwa kwenye ukumbi mdogo wa viti themanini. Naueleza si kwa kujisifu. Naueleza kwa sababu ndiyo njia pekee ninayoijua ya kukuonyesha.

Bi Zuhura ni mwenyekiti wa kikoba. Mwaminifu, mkali, hakopeshi kwa kujuana. Ameugua, amefanyiwa upasuaji, amepona. Anarudi kwenye kikundi anakuta hesabu ya marejesho imepungua shilingi milioni moja na laki nane. Wote wanamtazama mweka hazina, mjane masikini. Bi Zuhura anataka haki itendeke, hataki mjane aonewe kwa maneno ya pembeni, kwa hiyo anasimama mbele ya wanachama na kuapa: aliyekula hela hii, awe nani awaye, hatanizika wala sitamzika. Anadai daftari, anahoji mmoja mmoja. Binti yake anamwomba aachane nayo, wachange tu walipe. Anakataa.

Kisha simu inaita, kikao kikiendelea. Ni mdogo wake wa kiume aliyeko Muscat. Mikono yake imeshika noti anahesabu, kwa hiyo anaweka sauti kubwa na kuilaza simu juu ya sanduku. Kaka wa watu ana furaha: "Dada, alhamdulillahi umepona! Mimi nilikuwa na aibu hata ya kukupigia. Wakati ule sikuwa na kitu, sikukutumia hata shilingi, nisamehe."

Lakini watazamaji wanakumbuka. Onyesho la kwanza kabisa, binti alimwambia mama yake kitandani: "Usiwaze, hela ya hospitali mjomba katuma."

Mwigizaji wangu hakufanya lolote pale. Aliendelea kuhesabu noti mbili zaidi, taratibu, kisha vidole vikasimama. Na ukumbini, safu ya tatu, mwanamke mmoja mtu mzima akasema kwa sauti, bila kujijua, "Mama, kata simu!"

Hakuna aliyecheka. Hela ameila yeye. Imo tumboni mwake, pale penye mshono, na kiapo amekwisha kula. Hakufa mtu katika mchezo ule. Taa zilipowaka, watu walibaki wamekaa, na mimi nilisimama nyuma ya pazia nikaukumbuka mkono wa mama yangu, ambaye hakuishi kuuona usiku huo.

Sasa nikushauri, mdogo wangu. Tafuta kwanza mkono wa mhusika wako ulipogusa. Kama mabaya yote yanatoka kwa mchawi na mama wa kambo, bado hujaanza kuandika. Mpe sababu nzuri ya kufanya lile kosa, sababu ambayo hata mimi ningeifuata. Ukimaliza, uliza tena: ni mkono wake?

Na anayempinga naye apewe haki yake. Katika Antigone, tamthilia nyingine ya Sophocles, mfalme Creon anakataza maiti ya Polynices isizikwe kwa sababu ameleta jeshi dhidi ya mji wake mwenyewe. Ana hoja ya mtawala. Wafungwa wa Robben Island waliucheza mchezo huo gerezani, na Nelson Mandela ndiye aliyemwigiza Creon. Fikiria: mfungwa wa dhuluma anavaa sauti ya anayetoa amri. Ukiweza kumwandika adui yako hivyo, bila kumpaka masizi usoni, umekua.

Damu iache mlangoni. Jocasta anajinyonga ndani na Edipode anajitoboa macho kwa vifungo vya nguo ya mkewe, na sisi tunapewa habari tu na mtu aliyeshuhudia. Aristotle anasema hadithi iwe imejengwa hivi kwamba hata anayeisikia bila kuiona atetemeke. Kabla hujatafuta kamera, msimulie shangazi yako hadithi yako akiwa anachambua mchele. Mikono yake ikisimama, unayo.

Kama unataka kuona haya kwenye filamu, tafuta Incendies ya Denis Villeneuve, ya mwaka 2010, iliyotokana na tamthilia ya Wajdi Mouawad. Mapacha wanatumwa na wosia wa mama yao wakamtafute baba na kaka wasiowajua. Sikumalizii. Nakwambia tu utazame visigino, kisha ukumbuke miguu iliyotobolewa ya yule mtoto wa Thebes. Miaka zaidi ya elfu mbili na mia nne iko kati yake, na bado ni mguu ule ule.

Na maumivu yako mwenyewe usiyamwage yakiwa mabichi. Mwanahistoria Herodotus anasimulia kwamba mwandishi wa tamthilia Phrynichus aliwaigizia Waathene kuangamia kwa Mileto, mji wa ndugu zao, muda mfupi baada ya msiba wenyewe. Ukumbi mzima ulibubujikwa na machozi, na wakamtoza faini ya drakma elfu moja kwa kuwakumbusha msiba wao. Yale machozi hayakuwa ya kazi yake, yalikuwa ya jeraha. Mimi nimejaribu mara tatu kuandika kifo cha mama, na mara zote nimefunga daftari. Siku yake itafika.

Ukikataliwa, vumilia. Medea, tamthilia ya Mgiriki Euripides, anayeigizwa duniani kote mpaka leo, mwaka 431 kabla ya Kristo aliingia mashindanoni Athens akashika nafasi ya tatu kati ya watatu. Nimeliandika hilo kwenye karatasi na kulibandika juu ya meza yangu, na prodyuza akinijibu kwa mistari miwili namtazama Euripides. Msikubali, ndugu zangu, mtu asiyesoma awafundishe mwisho wa hadithi zenu. Msiandike ili mtu atoke amefurahi tu. Aandikiwe hadi ajiulize, na mimi je?

Kwako, kijana wa Morogoro. Uliponitumia skripti nilisoma vifo vyote saba na sikutokwa na chozi. Lakini ukurasa wa nne baba anauza shamba, na hapo umeandika mistari mitatu tu kisha ukakimbilia mjini. Kamuuzia nani? Nani alimkataza, naye akamjibu nini? Mwanawe alikuwepo alipotia dole gumba? Andika kurasa kumi hapo, unitumie. Wale saba waache kwanza.